Kupiga kinubi katika kikao cha muziki wa Ayalandi: mwongozo kwa wapigaji wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Kinubi kikiletwa kwenye kikao cha muziki wa asili wa Ayalandi, wengi hudhani tatizo lake ni sauti ndogo. Sauti ni ndogo kweli, lakini hilo lina dawa. Kinachoharibu kikao ni uzi usiozimika. Mpiga filimbi akikata pumzi, sauti imekwisha. Mpiga fidla akiinua upinde, kimya. Uzi wa besi wa kinubi ukishaguswa unavuma sekunde tatu, nne, hata zaidi. Sasa piga hesabu: rili (wimbo wa dansi wa mapigo manne) ikipigwa kwa mwendo wa kawaida wa kikao, zinapita noti kama saba kila sekunde. Kabla uzi wako mmoja haujanyamaza, wenzako wameshapita noti ishirini, na zote umezifunika. Ndiyo maana hapa tutakaa zaidi kwenye kuzima nyuzi kuliko kwenye kuzipiga.

Kikao chenyewe

Kikao si tamasha wala kwaya. Watu huketi duara, hakuna jukwaa, hakuna kondakta, hakuna karatasi za noti. Kuna fidla, filimbi ya mbao, filimbi ya bati, akodioni, banjo, gita, zumari la mfuko, na ngoma ya mkononi iitwayo bodhrán. Anayeanzisha wimbo ndiye anayeuongoza. Nyimbo nyingi ni za dansi na zina umbo moja: sehemu ya kwanza vipimo 8 (kipimo ni kundi moja la mapigo), inarudiwa; sehemu ya pili vipimo 8, inarudiwa; jumla 32. Wimbo hupigwa mara mbili au tatu, kisha bila kusimama kikao kinaingia wimbo mwingine. Mara nyingi nyimbo tatu huunganishwa hivyo. Hata mkiwa watatu tu sebuleni Milimani au kwenye ukumbi wa kanisa Nakuru, utaratibu ni huo huo.

Nyimbo hizi zilikulia kwenye fidla na zumari, si kwenye kinubi. Kinubi cha kale cha Ayalandi kilikuwa na nyuzi za waya na kilipigwa kwa kucha, katika nyumba za wakubwa. Kufikia mwaka 1792, wapigaji wa kale walipokusanywa Belfast na kijana Edward Bunting akaandika noti zao, walikuwa wamebaki wachache sana. Kinubi cha leo, chenye nyuzi za nailoni au za utumbo, ni chombo kingine. Katika miaka ya 1970 Máire Ní Chathasaigh alibuni namna ya kupiga nyimbo za dansi kwenye kinubi kwa mapambo yake yote. Mwaka 2019 UNESCO iliingiza upigaji kinubi wa Ayalandi kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Historia hii ina maana kwa vidole vyako: wimbo ukiona unakataa kukaa mkononi, mara nyingi ni kwa sababu ulitungwa na mtu mwenye upinde. Una haki ya kuurekebisha.

Chombo kinachofaa

Chukua kinubi cha nyuzi 26 au zaidi. Sababu ni hii: nyimbo za fidla huanzia G iliyo chini ya C ya kati na kupanda hadi B ya oktava ya tatu, yaani nyuzi 17 za melodi peke yake. Kinubi cha nyuzi 26 kinachoanzia C ya chini hadi G ya juu kinakuachia nyuzi nne za besi chini ya melodi, na zinatosha. Cha nyuzi 22 mara nyingi huanzia C ya kati, kwa hiyo noti tatu za chini za fidla huzipati. Cha nyuzi 34 ni kitamu, lakini jaribu kukiingiza kwenye matatu ya Kakamega saa kumi na moja jioni.

Huku kwetu nunua cha nyuzi za nailoni. Nyuzi za utumbo hunywa unyevu, na hewa ya Kisumu ikibadilika kati ya asubuhi kavu na mvua ya jioni zinakatika ovyo. Nailoni inavumilia. Tena uzi wa nailoni ukikatika, maduka ya vifaa vya uvuvi Kisumu yana mbadala wa nyuzi za juu: nailoni ya kuvulia samaki, uzi mmoja mzima usiosokotwa. Pima uzi uliokatika kwa kalipa kabla ya kununua. Nyuzi za juu kabisa huwa karibu milimita 0.6, zinazofuata 0.8, kisha 1.0. Uzi wa kusokotwa usiuguse, sauti yake imekufa. Nyuzi za besi zilizozungushiwa waya hazina mbadala dukani, agiza seti ya akiba pamoja na kinubi. Na usifunge waya wa chuma kwenye kinubi kilichotengenezwa kwa nailoni. Mvuto wake unaweza kung'oa ubao wa sauti.

Leva na ki (ngazi ya sauti ya wimbo): tumia solfa yako

Kila uzi una leva juu, na ukiinua leva sauti inapanda nusu hatua. Nyuzi nyekundu ni C, nyeusi au buluu ni F. Kwa kikao tyuni kinubi kwenye C leva zote zikiwa chini, A ikiwa hezi 440. Ukiinua leva za F unapata G. F na C, unapata D. F, C na G, unapata A. Wengine hutyuni kwenye E flati ili wapate ki zaidi. Kwa kikao huhitaji hilo mwanzoni.

Aliyeimba kwaya kwa solfa ana mtaji mkubwa hapa, kwa sababu nyimbo za Ayalandi mara nyingi hazitui kwenye do. Leva zikiwa za G, wimbo unaotua kwenye do uko G. Unaotua kwenye re uko A, na wapigaji huuita A dorian. Unaotua kwenye la ni E mainor, na unaotua kwenye so uko D yenye C ya kawaida. Leva zikiwa za D: do ni D, re ni E, so ni A, la ni B mainor. Yaani mipangilio miwili tu ya leva, ya G na ya D, inakubeba karibu jioni nzima. Mtu akinong'ona "E", usikimbilie leva. Msikilize kipimo kimoja. Ukisikia C imepandishwa, ni leva za D na wimbo unatua kwenye re. Ukisikia C ya kawaida, ni leva za G na unatua kwenye la.

Kubadilisha leva wimbo ukiendelea kunatisha wengi bila sababu. Kutoka G kwenda D unahitaji kuinua C tu. Kinubi cha nyuzi 26 kina C nne za kuhesabika, lakini ndani ya eneo la melodi ziko mbili: C ya kati na inayoifuata juu. Katika kipimo cha mwisho cha wimbo wa kwanza, mkono wa kulia uendelee, wa kushoto uache besi na uinue leva hizo mbili. C ya besi usiipige mpaka upate nafasi ya kuishughulikia.

Vidole

Unatumia vidole vinne kila mkono. Kidole cha mwisho hakitumiki kabisa. Kinubi kinaegemea bega la kulia, mkono wa kulia uko karibu nawe kwenye nyuzi za juu, wa kushoto kwenye besi. Gumba lielekee juu, vidole vingine vielekee chini, na baada ya kuvuta uzi kidole kiingie kiganjani. Kidole kinachobaki hewani kinachelewa kurudi.

Kanuni moja inashinda zote: tanguliza. Kabla hujapiga noti ya kwanza, vidole vitatu au vinne vya noti zinazofuata viwe vimeshakaa kwenye nyuzi zao. Ukishuka, gumba linavuka juu ya kidole cha nne. Ukipanda, kidole cha nne kinapita chini ya gumba. Mwendo wa rili haupatikani kwa kuharakisha kidole kimoja kimoja bali kwa kutanguliza kundi zima. Anza metronomu ikiwa 60, mapigo mawili kwa kila kipimo cha jigi (dansi ya noti sita kwa kipimo), na usiongeze mpaka makundi yakae bila kutafuta. Kikaoni jigi huenda karibu 110 hadi 120, kwa hiyo safari ni ndefu. Polka ni rahisi zaidi kuanzia. John Ryan's Polka iko D na inakaa vizuri mkononi. Jigi ya kwanza iwe The Kesh, iliyo G.

Aliyetoka kwenye nyatiti, litungu au obokano, vyombo vya nyuzi vya huku kwetu, anakuja na vidole vikali na sikio la mdundo, na hilo halifundishiki kwa wiki mbili. Lakini mambo mawili yatamsumbua. La kwanza, nyatiti ina nyuzi nane na mpigaji anazijua kwa mahali, wakati kinubi kina uzi wa kila noti. Jicho lijifunze nyekundu na nyeusi. La pili ni mguu. Kwenye nyatiti, pete ya kidole gumba cha mguu na gara (njuga za mguuni) ndizo zinazoshika mdundo. Kikaoni mguu unagonga sakafu kimyakimya na mdundo unakaa ndani ya melodi yenyewe: kwenye jigi noti ya kwanza na ya nne zina uzito kidogo, kwenye rili uzito unaegemea zaidi mpigo wa pili na wa nne. Gara ivuliwe.

Kuzima nyuzi

Kuna namna tatu, na zote ni kazi ya kila siku.

Ya kwanza ni kiganja cha kushoto. Vidole vikielekea juu, laza kiganja chote kwa wakati mmoja juu ya nyuzi za besi. Kisishuke kwa kishindo, kikigonga kinasikika. Kisitue kidole baada ya kidole, kwa maana nyuzi zitakoroma. Kitue bapa, kiondoke.

Ya pili ni kurudisha kidole. Umepiga D na A za besi kwa kidole cha nne na gumba. Baada ya muda unaoutaka, vidole vile vile vinarudi kwenye nyuzi zile zile na kuzinyamazisha, na hapo hapo viko tayari kupiga tena. Hii ndiyo itakayokuokoa kikaoni, kwa sababu haina mwendo wa ziada. Zoezi lake kwenye jigi: hesabu moja hadi sita, piga moja, zima tatu, piga nne, zima sita. Kwenye rili hesabu moja hadi nne: piga moja, zima mbili, piga tatu, zima nne. Fanya mkono wa kushoto peke yake, dakika kumi kila siku, mpaka kuzima kuwe na mdundo kama kupiga. Hapo utasikia kitu cha ajabu: besi yako inaanza kudunda badala ya kuvuma, na wapigaji wengine wanaanza kukutegemea.

Ya tatu ni ya mkono wa kulia, na inakuja yenyewe ukitanguliza vizuri, kwa kuwa kidole kinachotua kwenye uzi kwa ajili ya noti ijayo kinauzima uzi huo. Nyuzi fupi za juu hufa haraka, usihangaike nazo.

Chumba nacho kina kauli. Kuta za saruji zisizo na mapazia zinaurefusha mvumo. Hapo zima mapema zaidi, kwenye jigi zima mbili badala ya tatu. Wimbo ukibadilika ki, futa besi zote kwa kiganja kabla ya noti ya kwanza ya wimbo mpya, maana C ya kawaida iliyobaki ikivuma chini ya wimbo wa D inasikika kama kosa la kikao kizima. Na wimbo wa mwisho ukiisha, mikono miwili bapa kwenye nyuzi pamoja na wenzako. Fidla zimenyamaza, kinubi kinaendelea peke yake: hilo linakera kuliko noti iliyokosewa.

Mkono wa kushoto upige nini

Kidogo. Noti ya kwanza na ya tano ya kodi (noti zinazopigwa pamoja): D na A, G na D, E na B, A na E. Noti ya tatu iache kwenye besi, kwa sababu chini kule inatia matope na inakulazimisha kuamua kama kodi ni meja au mainor, wakati nyimbo nyingi hizi zinapenda kuachwa katikati. Wimbo unaotua A dorian unabebwa na kodi mbili, A na G. Wa E dorian, E na D. Wa D unataka D, G na A. Ukiona unatafuta kodi ya nne, rudi kwenye melodi uisikilize tena.

Kama gita lipo, kodi ni za gita. Vyombo viwili vinavyochagua kodi bila kuelewana vinagongana kila kipimo cha nne. Mwambie mpiga gita kabla hamjaanza: "Wewe chukua kodi, mimi nitapiga melodi na besi moja moja." Na kama gita halipo, jukumu ni lako. Hapo unaweza kuacha melodi kabisa kwa zamu moja ya wimbo na kupiga mdundo tu kwa mikono miwili.

Noti zinazorudiwa na mapambo

Fidla inarudia noti moja mara tatu kwa upinde bila taabu. Kwenye kinubi, ukirudisha kidole kwenye uzi ambao bado unatetemeka, unakwaruza. Dawa ni vidole tofauti: cha tatu, cha pili, gumba, harakaharaka kwenye uzi mmoja, kila kimoja kikiondoka kabla kingine hakijafika, bila kupumzika juu ya uzi hata kidogo. Mwendo ukiwa mkali, noti ya katikati ibadilishe kwa noti ya jirani au iache. Hakuna atakayekulaumu. Pambo fupi la noti ya juu lipigwe kwa gumba, kisha noti yenyewe kwa kidole cha pili, zikifuatana karibu kama noti moja. Jifunze pambo hili moja kwanza, uliweke mahali pamoja tu katika kila sehemu. Melodi iliyosongwa na mapambo haichezeki.

Kukaa na wenzako

Omba nafasi, kisha chagua kiti. Kaa karibu na filimbi ya mbao au fidla, mbali na banjo na akodioni. Mgongo uwe karibu na ukuta, ubao wa sauti uelekee katikati ya duara. Hapo ndipo dawa ya sauti ndogo ilipo, pamoja na kupiga melodi oktava moja juu ya filimbi ya mbao pale nyuzi zinapofika, ambako wanaokufunika ni wachache. Kipaza sauti cha kubandika kwenye ubao kinafaa hotelini penye kelele. Kikaoni kiache kwenye begi. Mvua ikianza kupiga mabati, tulieni tu mpaka ipungue.

Wimbo usioujua, usiupige. Usitafute noti kwa sauti huku wengine wakicheza. Weka kiganja kwenye nyuzi, sikiliza, urekodi kwa simu. Nyumbani uimbe kwa solfa mpaka utoke bila kukwama, halafu ndipo vidole. Siku ukiombwa kuanzisha, piga noti mbili tatu za mwanzo wazi, kwa mwendo utakaouweza mpaka mwisho, kwa kuwa mwendo wako ndio watakaoufuata. Kubadilisha wimbo, inua kichwa na uwatazame kipimo kimoja kabla.

Katikati ya jioni mtu atasema, "Kinubi nacho tukisikie." Hapo huhitaji kasi. Piga wimbo wa taratibu usio na mdundo wa dansi, au kipande cha Turlough O'Carolan, yule mpigaji kipofu aliyeishi 1670 hadi 1738 na ambaye kazi zake zimetungiwa kinubi hasa. Ni mahali pekee ambapo mvumo mrefu wa besi ni mali yako. Uachie.

Kusafirisha na kutyuni

Fundi wa turubai sokoni Kibuye anaweza kukushonea mfuko. Mpe vipimo vya kinubi, ongeza sentimita nne kila upande kwa ajili ya sponji ya godoro, na umwambie zipu ipite upande mrefu. Kwenye tuktuk kiketi nawe, nguzo ikielekea juu. Usikiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto hulegeza gundi, na ubao ukishaachana na mwili hakuna fundi wa karibu. Kutoka Kisumu kwenda Nakuru unapanda zaidi ya mita 600 na hewa inakauka, kwa hiyo fika saa moja kabla, ufungue mfuko, ukiache kinubi kipumue nusu saa, ndipo utyuni. Kila uzi uufikie kutoka chini kwenda juu, na uhakikishe leva zote ziko chini kabla ya kuanza.

Uzi ukikatika katikati ya kikao, usifunge mwingine hapo hapo. Nailoni mpya inavutika, na itakuwa imeshuka kabla ya wimbo kuisha. Acha pengo, ruka noti hiyo, fidla itaiziba. Ufunge usiku ukifika nyumbani, uukaze mara nne au tano kwa siku kwa wiki ya kwanza, na ukishashika, ukaguliwe tena leva yake ikiwa imeinuliwa, kwa sababu uzi mpya ukiwa mnene au mwembamba kidogo kuliko wa zamani, nusu hatua ya leva haitakaa sawasawa.